Deni Langu kwa Michael Jackson

Ijumaa ya tarehe 26 Juni 2009 niliuza sidii 41 kabla ya adhana ya adhuhuri. Tangu nifungue duka sikuwahi kuuza hata nusu ya hizo kwa asubuhi moja. Watu walijaa usitani mbele ya mlango, wengine wameshavaa kanzu zao za Ijumaa, wavulana wa skuli, mabaharia wa jahazi, hata bibi mmoja wa buibui aliyetumwa na wajukuu wake, na wote walitaka kitu kimoja. Mashine ya kuchoma sidii ilipata moto nikawa naipepea kwa kipande cha boksi. Macho yangu yalikuwa mekundu. Nilikuwa nalia huku napokea pesa, na wala sikuona ajabu yoyote, kwani msiba ulikuwa wangu na duka lilikuwa langu.

Habari zilinifika alfajiri. Tulikuwa tumetoka msikitini, mtaani kwetu Langoni, mjini Lamu, na kijana mmoja alikuwa amekaa dakani na simu sikioni akisikiliza redio. Akainua uso akasema, "Michael mefa." Hakuna aliyeuliza Michael gani. Mimi nikatamka Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun kabla hata sijafikiri, kama mtu anavyovuta mkono akiguswa na moto.

Mzee mmoja akanigeukia. "Hiyo wamsomea nani?"

Basi mjadala ukaanza pale pale, watu hawajavaa viatu. Mmoja akasema Michael alikuwa amesilimu, habari zilitoka mwaka jana. Mwingine akasema ni uzushi. Wa tatu akaleta hoja kwamba amekufa siku ya Ijumaa, na Muislamu anayekufa Ijumaa huepushwa na fitina ya kaburi. Wa nne, mwalimu wa hesabu, akamrudisha: kule Los Angeles alikotangazwa kufa ilikuwa saa nane na dakika ishirini na sita mchana wa Alhamisi tarehe 25; Ijumaa ilikuwa yetu sisi, ambao usiku wetu ulishavuka saa sita. Nakumbuka nilivyoumia kwa hesabu ile. Nilitaka iwe Ijumaa. Nilitaka awe na kitu cha kumfaa huko alikokwenda.

Nilikuwa na miaka kumi niliposikia sauti yake kwa mara ya kwanza nikiwa najua ni yake. Ilikuwa 1988. Baba alikuwa Uarabuni kikazi, nami nililelewa na ami yangu, fundi wa nakshi, mtu wa patasi na msasa, aliyechonga milango ambayo hadi leo iko mtaa wa Mkomani, na mingine ilipakiwa melini ikaenda mbali. Jirani yetu mmoja alikuwa akifanya kazi kwenye mabasi ya Mombasa, na siku moja alirudi na kaseti ya Michael. Basi la wakati ule lilikuwa safari ya siku nzima: Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, kisha mashua. Kaseti ilifika na vumbi la njia nzima ndani ya meno yake. Tukaitia kwenye redio ya karakana.

Katika albamu ile, Bad ya 1987, mna wimbo uitwao "Liberian Girl", na mwanzoni kabisa, kabla Michael hajaimba, anasikika mwanamke akisema maneno ya mapenzi kwa Kiswahili. Kiswahili! Tulikuwa watoto sita mle karakanani na sote tulipiga kelele kwa pamoja. Mtu ambaye dunia nzima inamjua, na maneno yaliyomo kwenye wimbo wake ni maneno ambayo nyanya yangu anayafahamu. Tukairudisha nyuma tena na tena hadi ami akasimamisha nyundo. Tulidhani atatufukuza. Akasikiliza, kisha akasema, "Huyu mama si wa huku. Lakini asema vyema."

Alikuwa na sikio. Miaka mingi baadaye nilijua kwamba sauti ile ni ya Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini.

Baada ya hapo Michael akawa wetu. Magharibi ikikaribia tulikuwa tukienda ukingoni mwa pwani, mahali simenti ilipokuwa laini, tukavaa soksi za skuli na kujaribu kutembea kinyumenyume kama yeye. Punda walitupita wakiwa na mizigo ya mawe ya kujengea. Adhana ikilia tulivua soksi, tukaenda kutawadha. Hatukuona ugomvi baina ya mambo hayo mawili. Lamu ni mji wa Maulidi, mji ambao mwanachuoni Habib Swaleh aliingiza matari katika kumsifu Mtume, na wazee wa wakati wake wakambishia. Leo wajukuu wa wale wazee ndio wanaopiga matari hayo hayo pale msikiti wa Riyadha. Mtoto wa Lamu hukua akijua kwamba ngoma na ibada zina maneno baina yao ambayo hayajaisha. Kwa hivyo sikudhani kumpenda Michael ni jambo la kuficha. Nililificha kidogo tu mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani.

Mwaka 1999 nilifungua duka. Nilikuwa na deki mbili za kaseti mbili mbili, na katoni za kaseti tupu kutoka Mombasa. Mtu alikuja na karatasi ameandika nyimbo anazotaka, jioni akachukua kaseti yake. Baadaye kaseti zikapungua, nikanunua kompyuta na mashine ya kuchoma sidii. Mwisho zikaja memori kadi, mtu anakuletea simu yake nawe unamjazia. Kazi ile tuliiita kutoa kopi. Jina la wizi halikutajwa na yeyote, si mteja, si mimi, si polisi aliyekuwa akija kununua taarabu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilikuwepo Nairobi. Lamu ilikuwepo Lamu.

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu ami, kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu utotoni na sikulisoma. Alipoombwa kunakili nakshi ya mlango wa nyumba fulani, kwanza alikwenda kwa mwenye nyumba ile, akabisha hodi, akaomba ruhusa. Mafundi wengine walimwona anajichosha. Nakshi ni mstari tu, walisema, mstari hauna mwenyewe. Ami alikuwa akijibu, "Mstari hauna mwenyewe, lakini mlango unao." Basi hakuongeza neno.

Nirudi kwenye ule uvumi wa kusilimu, kwani humo nina kosa langu la pili. Mwezi wa Novemba 2008 gazeti moja la Uingereza liliandika kwamba Michael amesilimu. Upande wake walikanusha. Lakini kanusho halikufika kwetu kwa kasi iliyofika habari yenyewe. Kaka yake Jermaine alisilimu 1989, hilo lilijulikana. Na Michael mwenyewe, baada ya kesi yake ya 2005 ambayo aliachiliwa kwa mashtaka yote, alihamia Bahrain kwa muda. Tukajumlisha. Kisha ikaja kasida ya Kiingereza ya kumshukuru Allah, sauti laini ya kiume, ikipita kwa blutuuthi kutoka simu hadi simu na jina la Michael Jackson juu yake. Niliposikia niligeuza uso ukutani ili wateja wasinione.

Nikaichoma. Nikaandika kwa kalamu ya wino mweusi, *Michael Jackson – Kasida*. Niliiuza kwa watoto wa madrasa, kwa akina mama wa maulidi ya nyumbani, kwa watu ambao wasingeingia dukani mwangu kwa wimbo wake mwingine wowote. Alipokufa, na Jermaine akasimama mbele ya waandishi wa habari pale hospitalini akamalizia kwa kumuomba Allah awe pamoja na ndugu yake daima, mimi nililiona neno hilo kuwa muhuri.

Wiki mbili hivi baadaye mteja mmoja, kijana aliyesoma Afrika Kusini, aliichukua ile sidii akaigeuza mkononi. "Hii si ya Michael, kaka. Hii ni ya Zain Bhikha." Nikabisha. Akanipigia albamu ya mwenyewe kutoka kwenye simu yake. Sauti ni ile ile, wimbo ni ule ule, na jina ni la mtu wa Afrika Kusini aliyekuwa hai na mzima, anayeimba kasida kwa jina lake, ambaye mimi nilimnyang'anya kazi yake nikampa marehemu.

Nilibandua karatasi zote. Kila aliyekuja kuitaka nilimwambia ukweli. Kijana mmoja alinikasirikia sana, akaniambia mbele ya watu, "Wewe umemtoa Michael katika Uislamu!" Sikumjibu. Nilimwelewa kabisa. Sote wawili tulikuwa tukitafuta ruhusa ya kulia, na tulidhani ruhusa hiyo ni lazima itoke kwake yeye, awe mtu fulani kwanza, ndipo machozi yetu yawe halali.

Jumanne tarehe 7 Julai, saa mbili usiku kwetu, watu wakiwa wametoka isha, nilitoa televisheni nikaiweka mlangoni ili tutazame hafla ya kumuaga Michael kule Los Angeles. Walikusanyika vijana hadi usita ukazibika, punda wakawa wanapitishwa kwa shida. Ukumbi wa Staples Center ulikuwa umejaa. Watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wamejiandikisha kutafuta tiketi, na zilizotolewa zilikuwa 17,500. Jeneza la rangi ya dhahabu lilikuwa mbele, juu yake maua mekundu. Watu wakaimba. Kisha mwishoni binti yake Paris, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akapewa kipaza sauti, akasema baba yake alikuwa baba bora kuliko wote, na akavunjika kwa kulia kifuani mwa shangazi yake.

Ami alikuwa akipita kutoka msikitini. Alisimama nyuma ya vijana, fimbo mkononi. Walimpisha, akasogea hadi mlangoni.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Ni binti wa marehemu, ami."

Alitazama mpaka yule mtoto alipoondolewa. Akauliza, "Na mwenyewe yumo mle sandukuni?"

"Ndiyo."

"Tangu Alhamisi ile?"

"Ndiyo, ami."

"Wamzika yeo?"

Sikuwa na jibu. Alitikisa kichwa akaenda zake.

Tangu usiku ule ami alikuwa na swali moja kwangu. Alinikuta dukani, au nilimkuta karakanani nimempelekea kahawa, naye akauliza bila kutaja jina: "Wamemzika mtu wenu?" Nami nikajibu, "Hawayamzika, ami." "Wangoya nini?" Nilijaribu kumweleza: uchunguzi wa madaktari, ile dawa ya kulaza ambayo hutolewa chumba cha upasuaji naye alikuwa akipewa nyumbani, familia haijaafikiana mahali. Ikaja Shaabani, Julai ikapita, ikaja Ramadhani. Mji wetu ukifiwa asubuhi, adhuhuri au alasiri maiti yuko ndani ya mwanandani. Anayefiwa usiku huona aibu kumchelewesha maiti hadi mchana. Ami hakuwahi kusikiliza hata wimbo mmoja wa Michael hadi mwisho, isipokuwa ule wa karakanani, na maneno yake yalikuwa ya yule mama. Lakini kulikuwa na mtu mahali fulani hajafunikwa udongo, na jambo hilo lilimkosesha raha kama mlango aliouacha nusu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini ashughulike. Akanisimulia hadithi ambayo nilikuwa nimeisoma chuoni nikaisahau. Jeneza lilipita mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akasimama. Akaambiwa, hilo ni jeneza la Myahudi. Akasema, "Je, si nafsi?" Ami akapuliza unga wa mbao kwenye nakshi, akasema, "Mimi simwombei ambalo si langu kumwombea. Namngoya azikwe, basi."

Alizikwa tarehe 3 Septemba katika makaburi ya Forest Lawn, Glendale. Siku sabini. Kwetu ilikuwa katikati ya Ramadhani. Nilipata habari siku ya pili yake, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa ami kabla ya kufuturu. Alikuwa na tende mkononi. Nikamwambia, "Ami, amezikwa." Akasema alhamdulillahi, akaiweka ile tende chini, akafuta uso kwa viganja vyote viwili. Adhana ilipolia ndipo akaiokota.

Ami mwenyewe alifariki 2011, wakati wa kusi kali, baada ya kuugua siku nne. Nitapita haraka hapa kwa sababu sijui kuandika habari zake bila mkono kuzubaa. Tulimwosha asubuhi, tukampeleka msikitini baada ya adhuhuri, jeneza likawekwa mbele. Kabla ya kuswaliwa binamu yangu mkubwa alisimama, akatoa yale maneno ambayo nimeyasikia pengine mara mia maishani: kama kuna aliyemdai marehemu, aje kwa warithi, kama kuna aliyekuwa akidaiwa na marehemu, naye ajitokeze, na aliyekosewa na marehemu, tunamuombea radhi.

Mtu mmoja akainuka safu ya tatu. Akasema alimlipa ami nusu ya bei ya mlango, na mlango haujaisha. Binamu yangu akajibu hapo hapo, "Liko juu yangu." Mtu akakaa. Mambo yakaisha kwa sentensi mbili, na imamu akasogea mbele kuswalisha.

Nami nikiwa nimesimama kwa takbira ya kwanza ya swala ile ambayo hairukuiwi wala haisujudiwi, likaniingia swali moyoni: kwa Michael nani alisimama akatangaza hivyo? Na kama angesimama mtu, akauliza nani alikuwa akidaiwa na marehemu, mimi ningekuwa safu ya ngapi?

Nilijua, kwa kuwa nimesoma kila kitu kilichoandikwa juu yake, kwamba alikufa akidaiwa mamia ya mamilioni ya dola. Nilikuwa nimelisoma hilo kwa huzuni, nikisema masikini, mtu tajiri namna ile. Kuna hadithi ya maiti aliyeletwa mbele ya Mtume ili amswalie, akauliza, ana deni? Wakasema ana dinari chache. Hakumswalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Hadithi hiyo naijua kwa moyo. Na miaka kumi na miwili nilikuwa nikitoa mkate wangu katika sauti ya mtu huyo, nikamlilia, nikafunga duka siku moja kwa heshima yake, na siku aliyokufa nikauza nakala 41, bila kupeleka kwake wala kwa warithi wake hata ndururu moja. Machozi yangu yalikuwa ya kweli. Pesa ile nayo ilikuwa ya kweli.

Nilikaa na jambo hili mpaka arubaini ya ami ikapita, kisha nikaenda kwa mwalimu wangu. Ni mtu mzima, hasikii vizuri, ilinibidi niseme kwa sauti mambo ambayo nilitaka kuyanong'ona. Nilidhani atacheka au atanikemea kwa ajili ya muziki. Hakufanya lolote. Aliuliza maswali kama karani.

"Mali ni ya nani?"

"Ya mtu aliyekufa, mwalimu."

"Ana warithi?"

"Ana mama yake na watoto watatu. Wasia wake umewaachia wao, na sehemu kwa wahitaji." Hilo lilikuwa limetangazwa: mama arubaini kwa mia, watoto arubaini, ishirini iliyobaki kwa kazi za hisani.

"Waweza kuwafikia?"

"Wako Marekani. Dunia yote yawajua, lakini mimi siwezi kuwafikia."

Alifikiri kidogo. Akaniambia nihesabu faida, si kwa kubahatisha. Nikishindwa kuwa na hakika niongeze mpaka moyo utulie. Kisha nitoe kwa mhitaji, na bora yatima, kwa kuwa mwenye mali ameacha yatima. "Na usitie nia ya sadaka. Sadaka mtu hutoa chake. Hii ni haki ya mtu unaiondoa mfukoni mwako. Na warithi wake wakikufikia siku moja, utawalipa tena." Nilipoinuka akaniita. "Na hao wengine?"

"Wepi, mwalimu?"

"Duka zima ulikuwa ukimuuza yeye peke yake?"

Hao wengine! Nyumbani nilitoa madaftari yangu ya kununulia kaseti na sidii tupu. Nilikuwa nikiandika kila kitu, ami alinifundisha hivyo. Kwa Michael nilipata nakala 1,900 hivi, na faida ya kama shilingi 30 kwa kila moja, ikawa 57,000. Nikaongeza 3,000 kwa shaka. Kazi ya kuwahesabu wengine ilinichukua mwezi mzima, usiku baada ya usiku, na kuna majina ambayo niliyaruka kwa mwaka kabla sijathubutu kuyarudia.

Mashine sikuziuza. Ningeziuza kwa nani, kama si kwa mtu wa kazi ile ile? Nilizifungua nikatumia vipuri vyake, nikaanza ufundi wa simu katika duka hilo hilo. Mapato yalishuka sana miezi ya kwanza. Mke wangu alilijua lote na hakusema neno la kunirudisha nyuma, na hilo nitalikumbuka.

Walio hai niliamua kuwafuata. Zain Bhikha nilinunua albamu yake halali, nikawa nawaelekeza watu mahali pa kuipata. Mwingine ni bibi mmoja wa Mombasa, mwimbaji wa taarabu wa zamani, ambaye kaseti zake ziliuzwa dukani mwangu kuliko za mtu yeyote wa Pwani. Nilipanda basi. Nilimkuta amekaa mkekani, miguu imevimba, anachambua mchele. Nikambusu mkono, nikaeleza. Alinyamaza sana.

"Wauza ngapi kwa mwaka?"

Nikamtajia.

"Kumbe Lamu wanisikiliza hivyo," akasema. Uso wake ulifurahi kwanza, kabisa, kama msichana. Halafu furaha ikaondoka kidogo kidogo nikiona. Akaniambia kuna mwaka aliuza bangili zake kwa ajili ya dawa ya mumewe. Niliweka bahasha mkekani. Hakuihesabu. Akasema, "Nimekusamehe za nyuma, mwanangu. Za mbele usinile."

Kwa upande wa Michael nilimpata mtoto. Ni msichana, baba yake alizama katika uvuvi, mama yake anapika mikate ya mofa na kuuza. Nilikubaliana na skuli kwamba nitalipa shilingi 4,000 kila muhula, mihula mitatu kwa mwaka, kwa miaka mitano. Nilianza Januari 2012. Nilimuomba mwalimu mkuu asitaje jina langu, akakubali, lakini Lamu si mahali pa siri. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta.

Mwaka ule ule wa kwanza, jioni moja, mama yule alikuja dukani na mikate kumi imefungwa kwenye kitambaa. Hakutaka kukaa. Alisema anajua ni mimi.

Nikamwambia ukweli, kwamba pesa si yangu. Kuna mtu wa mbali aliyekuwa akinidai, naye ameshafariki, na hii ni haki yake inamfikia binti yako.

Akafungua viganja. "Nipe jina lake basi, ili nimuombee."

Nilisimama nyuma ya meza na simu ya mtu imefunguliwa mbele yangu, bisibisi mkononi. Nilimfikiria ami na tende yake. Nilifikiria mjadala wa dakani, Alhamisi na Ijumaa, na karatasi nilizozibandua.

"Mwenyezi Mungu amjua," nikasema. "Wewe sema mwenye haki."

Mama akainua mikono. "Yaa Rabbi, mwenye haki mpe haki yake."

Nikaitikia amina.

Akaniachia mikate, akachukua kitambaa chake.